SOMO LA KIKUNDI: CHUNGU CHA BRUNSWICK NA KAZI YA ZAMU



Vyama vyetu vingi hupika chakula cha pamoja siku ya mkutano mkuu, na vingine hupika ili kuchangisha fedha. Somo hili lahusu chakula cha namna hiyo kutoka majimbo ya kusini mwa Marekani, yaani mchuzi mzito wa nyama na mboga uitwao mchuzi wa Brunswick. Huko, makanisa, shule na vikosi vya kujitolea vya zimamoto huupika kwa vyungu vikubwa vya chuma na kuuza kwa vipimo vya karibu lita moja, na mapato yakaingia katika mfuko wao. Inatupasa kuuchunguza, kwani chungu hiki hakiwezi kupikwa vema na mtu mmoja, wala na watu wengi wasio na mpango.

Asili yake

Mchele mmoja, mapishi mengi. Wilaya ya Brunswick katika jimbo la Virginia hudai kwamba mchuzi huu ulizaliwa kwao mwaka 1828. Yasimuliwa kwamba Dakta Creed Haskins, mjumbe wa bunge la jimbo hilo, alikwenda kuwinda pamoja na wenzake, na mpishi wao Mweusi, Jimmy Matthews, akabaki kambini. Huyo alipika kindi kwa siagi, vitunguu, mkate mkavu na viungo, akauacha mchuzi uchemke taratibu kwa saa nyingi. Mwaka 1988 bunge la Virginia lilipitisha azimio la kuitambua wilaya hiyo kuwa ndiyo asili. Mji wa Brunswick katika jimbo la Georgia haukubali. Wao wana chungu cha kale juu ya nguzo, chenye maandishi kwamba mchuzi wa kwanza ulipikwa ndani yake mwaka 1898 katika kisiwa cha St. Simons.

Siku hizi kindi ameachwa. Virginia hutumia kuku zaidi. Georgia hupenda pia nyama ya nguruwe au ya ng'ombe iliyookwa kwa moshi. Mboga ni viazi, vitunguu, nyanya, mahindi na maharage mapana.

Vipimo vya kujifunzia (watu 20 hadi 25)

Kuku kilo 3. Maji lita 4. Viazi kilo 1 na nusu. Vitunguu robo tatu ya kilo. Nyanya zilizomenywa kilo 1 na nusu. Maharage yaliyokwisha chemshwa kilo 1. Punje za mahindi mabichi kilo 1. Siagi gramu 125. Chumvi, pilipili manga na pilipili kali kwa kiasi.

Maharage makavu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali katika maji mapya hadi yaive. Yasitiwe chunguni yakiwa mabichi, kwani aina nyingine zina sumu iondokayo kwa kuchemshwa tu.

Utaratibu wa kupika

Kwanza, chemsha kuku kwa moto wa wastani hadi nyama iachane na mfupa. Mtoe, ondoa mifupa yote, chambua nyama, kisha uirudishe katika supu.

Pili, tia viazi na vitunguu. Viazi vikishalainika, ndipo utie nyanya. Utaratibu huu una sababu: ukali wa nyanya huchelewesha viazi na maharage kulainika. Atakayetangulia na nyanya atakesha akingoja viazi.

Tatu, tia maharage na siagi, na mwisho kabisa mahindi. Mahindi yana sukari na wanga, navyo huzama na kushika chini upesi. Tangu hapo moto upunguzwe, na mwiko usisimame.

Chungu kikubwa huchukua saa sita au zaidi. Wapishi wa Virginia hukoroga kwa kasia la mbao, nao husema mchuzi umeiva pale kasia liwezapo kusimama lenyewe katikati ya chungu. Uzito huo hautokani na unga. Viazi huvunjika na kuutia mchuzi wanga, na nyuzi ngumu za nyama hulainika polepole kwa moto mdogo. Moto mkali hauwezi kuharakisha kazi hiyo, huunguza tu.

Mkuu wa chungu na zamu

Sehemu ya chini ikiungua, ladha ya moshi mchungu huenea chungu kizima, na hakuna kiungo kiwezacho kuiondoa. Michango ya watu wote huharibika kwa dakika chache za uzembe wa mmoja. Kwa hiyo wapishi wa huko huwa na mkuu wa chungu, ambaye peke yake huamua moto, chumvi na wakati wa kutia kila kitu. Wengine hukoroga kwa zamu. Nahodha wengi, jahazi huenda mrama.

Katibu aandike zamu kabla ya siku yenyewe: jina, saa ya kuanza na saa ya kukabidhi. Mwenye zamu asiuache mwiko mpaka mwenzake aushike.

Hesabu ya chungu

Tuseme chama kimepika lita 100 kwa gharama ya shilingi 300,000, na bei ni shilingi 4,000 kwa lita. Zikiuzwa zote, mapato ni shilingi 400,000 na ziada ni 100,000. Lakini lita 20 zikigawiwa jamaa na marafiki pasipo kuandikwa, mapato huwa 320,000 na ziada ni 20,000 tu. Sehemu moja ya tano ya mchuzi imetoka, na sehemu nne za tano za ziada zimekwenda nayo. Kila kipimo kitokacho kiandikwe, hata kile cha mgeni wa heshima.

Mchuzi unaongoja wanunuzi ukae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi. Unaobaki ugawanywe katika vyombo vya kina kifupi upoe upesi, kisha uwekwe kwenye baridi. Usilazwe ndani ya chungu kikubwa, kwani katikati hukaa vuguvugu kwa saa nyingi na kuharibika.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini nyanya hutiwa baada ya viazi kulainika?
2. Chama chenu kikipika kwa saa sita, mtahitaji zamu ngapi, na nani atakuwa mkuu wa chungu?
3. Katika mfano wa hapo juu, ni lita ngapi zikitoka bila kulipiwa ndipo ziada yote hupotea?
4. Nani katika Kamati atatunza daftari la vipimo, na nani atalikagua jioni hiyo hiyo?

Jibu la swali la tatu ni lita 25. Wanachama wenyewe waonyeshe njia ya kulipata.