Nafasi ya Aliye Nyuma

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 2:11–20, Kut. 18:13–26, Law. 19:15–18; Mk. 5:21–43, Yn. 5:1–9.

Fungu la kukariri: Wafilipi 2:4.

Kilambo, kusini mwa mji wa Mtwara, ndipo wasafiri wanapouvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mlango wa mto hauko mbali, na maji ya bahari hupanda na kushuka humo kila siku. Yakijaa, vyombo hupita. Yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza na chombo hukwama. Toka kujaa kumoja hadi kwingine ni kama saa 12 na nusu. Mama aliyefika alfajiri na mizigo yake anajua hesabu hiyo. Kisha kijana anashuka kwenye bodaboda, anapeana mkono na mtu anayemfahamu chomboni, na mzigo wake unapita mbele ya wote. Yule wa kwanza kwenye foleni anapoteza dakika chache tu. Aliye wa mwisho ndiye atakayelala ng'ambo hii.

Mwamini afanye nini? Wengi hunyamaza, wakikumbuka fundisho la kugeuza shavu la pili (Mt. 5:39), lakini moyoni wanachemka hadi jioni. Wengine hupaza sauti, na ugomvi ukianza hakuna tena anayekumbuka foleni.

Soma Yohana 5:1–9. Mgonjwa huyu anaeleza shida gani hasa?

Alikuwa ameugua miaka 38. (Maelezo ya fungu la 4 kuhusu malaika hayamo katika nakala za kale zaidi, lakini fungu la 7 linatosha kuonyesha watu walivyoamini juu ya maji yale.) Alichomweleza Yesu ni kwamba hana mtu wa kumsaidia, na kila anapojaribu kufika, mwingine humtangulia. Ellen G. White, katika Tumaini la Vizazi Vyote, anaeleza jinsi umati ulivyokimbilia maji ukiwakanyaga wanaume, wanawake na watoto walio dhaifu kuliko wao. Pale Bethzatha hapakuwa na foleni. Palikuwa na mbio, na katika mbio mwenye nguvu hufika kwanza. Yesu hakumbeba mgonjwa huyu ili awashinde wenzake majini. Alimponya pale pale alipolala, wala hakuna aliyesukumwa.

Ndiyo maana foleni si jambo dogo la ustaarabu wa mjini. Ni ulinzi wa mtu asiye na misuli wala ndugu dirishani. Na hapa unyenyekevu wa kunyamaza unahitaji kupimwa upya. Mtu anaweza kutoa nafasi yake mwenyewe, na huo ni ukarimu. Lakini anayemwachia mtu aingie mbele yake ametoa pia nafasi za wote walio nyuma yake, ambazo hakupewa azigawe. Akitaka kumpisha mama mjamzito au mzee, na ageuke kwanza awaombe wenzake. Mara nyingi watakubali kabla hajamaliza sentensi.

Soma Kutoka 2:11–20. Linganisha fungu la 12 na fungu la 17. Musa amebadilika wapi?

Binti saba wa Reueli walikuwa wamekwisha kuteka maji na kujaza vihori. Wachungaji wakaja wakawafukuza, ili wanyweshe mifugo yao kwa jasho la wengine. Halafu liko neno ambalo msomaji hulipita haraka: baba yao anashangaa kwa nini wamerudi mapema siku hiyo (fungu la 18). Bila shaka basi walizoea kuchelewa. Kufukuzwa kisimani kulikuwa mazoea, na huenda nyumbani kulikwisha kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya kuteka maji. Wanawake wa uwanda wa Makonde, ambako vijiji viko juu na maji yako mbali bondeni, hawahitaji kufafanuliwa kisa hiki.

Huko Misri Musa alipoona uonevu alitazama huku na huku, akaua, akaficha maiti mchangani. Hapa kisimani alisimama waziwazi, akawasaidia, kisha akateka maji mwenyewe. Hatusomi kwamba alimpiga mchungaji yeyote. Wala hakutetea nafasi yake: yeye alikuwa mgeni asiye na mifugo.

Mambo ya Walawi 19:17 inaweka mambo mawili pamoja: usimchukie ndugu yako moyoni, na umwonye. Anayenyamaza huku akichukia ametii nusu ya nusu. Ila maonyo yana lugha yake. Katika pwani hii, ambako Mkristo na Mwislamu husimama foleni moja, aliyeanza kukemea kabla ya salamu ameshashindwa kesi. "Shikamoo mzee, una mgonjwa? Kama unaye, tutaomba wakupishe." "Kaka, samahani, mwisho wa foleni ni pale kwa yule mama mwenye kanga nyekundu." Swali litangulie, kwa kuwa huenda mtu ana haraka ya Yairo, ambaye binti yake alikuwa kufani (Mk. 5:23).

Yako matatizo ambayo upole wa mtu mmoja hauyatibu. Katika Kutoka 18 watu walisimama mbele ya Musa toka asubuhi hadi jioni. Yethro hakuwahubiria uvumilivu, alibadili utaratibu. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima wa korosho hupeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, kisha huuzwa kwa mnada. Bei ya mnada mmoja si ya mwingine, na korosho zikinyeshewa hushuka daraja. Anayerukwa kwenye mizani anarukwa mfukoni. Karani anayegawa namba alfajiri na kuziita kwa sauti amezuia dhambi nyingi kuliko mahubiri.

Makanisa nayo yajitazame. Wakati wa makambi, chakula kinapopakuliwa, nani hupita mbele na sahani bila kuulizwa?

Maswali ya Kujadili

1. Ni lini kunyamaza ni uvumilivu, na ni lini ni woga? Darasa litoe mifano ya mahali panapofahamika: kivukoni, bombani, zahanati.

2. Karani wa ghala ni mshiriki wa kanisa. Mzee wake wa kanisa anamwomba kwa upole amtangulize, maana mvua inakuja. Kwa kuzingatia Walawi 19:15, amjibu nini, na kwa maneno gani?