Mtaro Unaotiririka Siku ya Jua

Mvua ya Mwanza haina subira. Huanza kwa ngurumo upande wa ziwa, na kabla mama hajamaliza kuanua nguo, maji yamekwisha kuteremka kutoka vilima vya mawe vya Bugando, Igogo na Mabatini, yamejaza mitaro, na mengi yamekimbilia Mto Mirongo. Mto huo hukatiza mji na kuishia ziwani. Baada ya muda jua huwaka tena, barabara hukauka, na watu huambiana, "Mvua imetusafishia mji."

Ni kweli, mji umesafishwa. Lakini yatupasa kujiuliza: uchafu ule umekwenda wapi? Hilo ndilo somo letu la leo. Wala hatuwaandikii watu wa Mwanza peke yao. Maji yatekwayo Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa na kupelekwa kwa mabomba hata Shinyanga, Kahama na Tabora. Msomaji aliye mbali na ziwa asidhani kwamba habari hii haimhusu, maana kadiri maji yanavyochafuka ndivyo gharama ya kuyasafisha inavyopanda, na kikombe chake chaweza kuwa kimejazwa huku.

Twaanza na maji yenyewe. Wengi husema maji ya mvua ni safi kwa kuwa yametoka juu. Ndivyo yalivyo mpaka yaguse paa. Toka hapo huokota kila kitu alichokiacha mwanadamu njiani: oili chafu ya gereji, maganda na chupa za sokoni, mbolea ya bustani, udongo wa kiwanja kinachojengwa, na kinyesi. Kila kimoja kina madhara yake. Udongo na takataka huziba makalavati, maji yakakosa njia, yakaingia nyumbani mwa watu wa bondeni. Mbolea na kinyesi vina fosforasi na naitrojeni, navyo ndivyo chakula cha mwani. Mwani ukishiba, maji hugeuka rangi ya kijani. Ukifa na kuoza, hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji ili waishi. Hata gugumaji, lililoanza kuonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, hustawi katika maji yaliyorutubishwa hivyo.

Tena kuna maradhi. Kipindupindu kilicholipuka nchini mwezi Agosti 2015 kiliingia mikoa mingi, na Mwanza haikusalimika. Kichocho nacho, ambacho watu wa pwani ya ziwa wakijua sana, hakiwezi kuendelea isipokuwa mayai yake yaliyomo katika haja ya mgonjwa yafike kwenye maji yenye konokono. Mtaro huyabeba mayai hayo na kuyafikisha pale watoto wanapoogelea.

Hatusemi kwamba uchafu wote wa ziwa watoka mjini. Mashamba ya nchi zote zinazolizunguka hutoa sehemu kubwa, na hata vumbi na moshi uletwao na upepo huangukia majini. Lakini pale ukingoni, karibu na nyumba za watu, mtaro ndio mlango ambao uchafu wa mji huupitia.

Hapa kuna kosa moja ambalo hatuna budi kulisahihisha. Watu wengi hudhani kwamba maji ya mtaro wa barabarani huenda mahali pa kusafishiwa. Sivyo. Majitaka yanayopita katika mabomba maalumu hupelekwa kwenye mabwawa ya Butuja, huko Ilemela, ambako hutulizwa na kusafishwa. Mtaro wa mvua hauna bwawa wala chujio. Humwaga ziwani kile kile ulichopokea. Basi atupaye kitu mtaroni amekwisha kukitupa ziwani, ila mvua tu ndiyo inayongojwa kukifikisha.

Je, ni nani mwenye kuulinda mtaro? Jibu si jepesi. Barabara kuu ni za TANROADS. Barabara za mitaani, pamoja na mifereji yake, tangu mwaka 2017 zimekuwa mikononi mwa TARURA. Takataka ni kazi ya Halmashauri ya Jiji, au ya Manispaa ya Ilemela. Mabomba ya majitaka ni ya MWAUWASA. Kibali cha kumwaga majitaka katika mto au ziwa hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Juu ya hayo liko Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, lenye mamlaka ya kukagua na kutoza faini.

Kila ofisi kati ya hizo ina kazi yake ya haki. Lakini maji hayajui mipaka ya ofisi. Tone moja huanguka kwenye paa, hupita uani, huingia mfereji wa mtaa, hupita chini ya barabara kuu, hufika mtoni, kisha ziwani. Limepita mikononi mwa mabwana wengi kwa muda mfupi, na kila mmoja aweza kusema kwa haki kwamba halikuchafukia kwake. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Nchi nyingine zimekutana na shida hiyo hiyo. Marekani ilitunga sheria kubwa ya usafi wa maji mwaka 1972, na kwanza ikayakazia macho mabomba ya viwanda. Baadaye ikaonekana kwamba mito yaendelea kuchafuliwa na mvua iliyopita mijini. Mwaka 1987 sheria ikarekebishwa. Miji mikubwa kwanza, na kisha midogo, ikatakiwa kupata kibali cha kumwaga maji ya mitaro yake, kama vile kiwanda kinavyotakiwa. Mji mdogo wenye kibali hicho hupewa mambo sita ya kutimiza: kuwafundisha raia, kuwashirikisha katika mipango, kuwatafuta na kuwazuia wanaoingiza majitaka mitaroni, kuzuia udongo wa viwanja vya ujenzi, kuangalia maji ya majengo yaliyokwisha kujengwa, na kusafisha karakana na yadi za mji wenyewe.

Mara nyingi kazi hiyo yote huratibiwa na mtu mmoja. Huyo si bwana mkubwa, wala hana askari. Ana ramani yenye kila mtaro na kila mahali unapomwagia, na daftari la ukaguzi. Hupokea malalamiko ya raia na kuyafikisha kwa ofisi inayohusika, kisha hurudi kuuliza limefanyika nini. Mwisho huandika taarifa, na katika taarifa hiyo mji hauwezi kusema, "Hilo halikuwa letu."

Katika kazi yake ana kipimo kimoja ambacho hata mtoto wa shule aweza kukielewa. Hutembelea mitaro wakati ambapo mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Mtaro wa mvua siku ya jua wapaswa kuwa mkavu. Ukiukuta unatiririka, yafaa uulize maji hayo yanatoka wapi. Yaweza kuwa chemchemi tu, au bomba la maji safi lililopasuka. Lakini yaweza pia kuwa bomba la choo lililochomekwa humo kwa siri, au maji ya kuoshea magari. Basi hufuata maji kwenda juu, kalavati moja baada ya nyingine, mpaka alifikie tundu lenyewe.

Kwetu sheria imeshika njia yake, lakini si njia mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na yaweka kamati za mazingira hata ngazi ya mtaa na kijiji. Yakataza pia shughuli za kudumu katika mita 60 toka ukingo wa ziwa. Hivyo hatulilii sheria mpya. Twaomba kwamba, mahali ambapo bado haijafanyika, afisa huyo apewe ramani ya mitaro, chombo cha kumfikisha huko, na uwezo wa kuziita ofisi zote mezani kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwenye kulaumiwa ajulikane kwa cheo chake, na mwenye kushukuriwa vivyo hivyo.

Neno moja zaidi latupasa kulisema kwa haki. Kuna watu wanaotapisha vyoo vyao mvua inaponyesha, ili maji yachukue kilichomo. Ni tendo baya, na aliye bondeni hulipia kwa afya ya watoto wake. Lakini tupande kwanza kule mlimani tukaone. Nyumba zimebanana juu ya mawe, njia ni ya mguu tu, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika. Shimo likijaa, baba wa nyumba afanye nini? Ndiyo maana twausifu mpango wa kulaza mabomba membamba ya majitaka kati ya nyumba katika sehemu za mlimani kama Mabatini, Igogo na Kilimahewa, yakishuka kwa mteremko mpaka kwenye bomba kubwa. Faini pasipo njia humfundisha mtu kujificha tu. Njia ikiwapo, hapo faini ni halali, na asiyeifuata hana la kujitetea.

Wazazi nao wasingoje serikali. Oili chafu iwekwe katika debe na kurudishwa gereji, isimwagwe mferejini. Fundi wa nyumba aambiwe asilundike mchanga kando ya mtaro. Choo kisijengwe bila kufikiri kitanyonywaje kikijaa. Takataka zingojee gari lake, zisingojee mvua. Na mtaro ulio mbele ya mlango uzolewe kabla ya mawingu, tena tope lake lisiachwe ukingoni, maana mvua ya kwanza italirudisha mlemle. Ni mambo madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na ziwa letu limejazwa uchafu kwa njia hiyo hiyo ya haba na haba.

Tulifundishwa tangu utoto kumpenda jirani, nasi twamtafuta jirani huyo upande wa kulia na wa kushoto wa nyumba yetu. Tumtafute pia upande wa chini, kule maji yetu yanakokwenda. Siku moja ya jua, baada ya kazi, baba na mama wawachukue watoto wao hata kwenye mtaro ulio karibu na kwao. Ukiwa mkavu, warudi nyumbani kwa furaha. Ukiwa unatiririka, waufuate kwenda juu, waone unaanzia wapi, kisha wamweleze mwenyekiti wa mtaa. Na ikiwa njia hiyo itawarudisha mpaka kwenye ua wao wenyewe, wajue pa kuanzia.