Sindano na Mguu wa Mtoto

Mtoto wa miaka 3 ana homa. Usiku kucha hakulala. Asubuhi mama yake anambeba mgongoni na kwenda kwa kijana mwenye duka la dawa. Zahanati iko mbali, na kijana huyu huvaa koti jeupe kama mganga.

"Shikamoo, mama. Mtoto ana nini?"

"Marahaba, baba. Ana homa. Mpige sindano apate nafuu upesi."

"Haya. Mshike vizuri."

Sindano inaingia takoni. Mtoto analia kwa nguvu kuliko kawaida. Mguu unaruka, kisha unalegea. Jioni homa inashuka na mama anafurahi. Lakini kesho yake mtoto akisimama, anaanguka. Akijaribu kutembea, anaburuta mguu mmoja. Unyayo unaning'inia na vidole haviinuki.

Jirani anasema ni polio. Bibi anasema mtoto amerogwa. Hakuna anayeitaja sindano.

Katika mwili wetu mna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu. Ukikanyaga mwiba, ndiyo inayopeleka habari kwenye ubongo, na ndiyo inayoleta amri ya kuinua mguu. Mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote huanzia chini ya mgongo. Hupita ndani ya tako, ukashuka nyuma ya paja hadi mguuni. Kwa mtu mzima unene wake unakaribia unene wa kidole. Mtoto hana nyama nyingi takoni, kwa hiyo sindano huufikia upesi.

Sindano ikiuchoma mshipa huo, mguu unaweza kupooza. Tena dawa nyingine, kama kwinini, ni kali. Hata ikimwagika karibu tu na mshipa, inaweza kuuharibu. Ndiyo maana mganga aliyesoma humpiga mtoto mdogo sindano ya pajani, mbele kwa upande wa nje. Mtu mzima akipigwa takoni, hupigwa sehemu ya juu, upande wa nje.

Wako wataalamu wa ganzi ambao hupeleka sindano karibu na mshipa wa fahamu kwa makusudi, ili mgonjwa apasuliwe bila kusikia maumivu. Hao husoma miaka mingi. Wengine hutumia mashine inayoonyesha picha ya ndani ya mwili, ili wauone mshipa kabla ya kuingiza dawa. Na bado huenda polepole. Kijana wa dukani anabahatisha.

Lakini tusimlaumu kijana peke yake. Sindano aliiomba mama, na wengi wetu tungeiomba. Tunaona kwamba sindano ina nguvu na vidonge ni dhaifu. Sivyo. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto. Sindano ni ya mgonjwa mahututi: anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyepoteza fahamu. Huyo apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Na hata huko, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wenye malaria kali wapewe sindano ya atesuneti badala ya kwinini.

Mama anayo haki ya kuuliza, tena bila kuona haya: "Samahani, mganga, dawa hii ni ya nini? Je, hakuna vidonge?" Mganga wa kweli hakasiriki.

Je, mguu ukilegea baada ya sindano? Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sema kweli yote: sindano ya dawa gani, mguu upi, nani alipiga. Usimfiche kwa kuwa ni shemeji yako. Mtoto atafanyishwa mazoezi ya viungo, na pengine atafungwa kifaa cha kushikilia unyayo usijikunje. Watoto wengine hupona baada ya miezi. Wengine huchechemea maisha yao yote.

Maswali
1. Kwa nini jirani alidhani ni polio?
2. Mshipa mkubwa wa fahamu hupita wapi?
3. Zungumzeni: Hapa kijijini nani hupiga sindano? Alisomea wapi?