Tuzibe Mapengo ya Njia za Baiskeli Kibwezi

Mama anayepeleka nyanya sokoni, kijana aliyebeba mitungi ya maji, mwanafunzi anayewahi kengele: wote hutoka kijijini kwa njia ya vumbi, wakaingia kwenye lami, kisha wakakatiza mji. Sehemu kubwa ya safari huwa shwari. Hatari hukaa kwenye kipande kifupi ambapo njia yao inakatika. Ni kama bomba la maji: likikosa kipande kimoja tu, maji hayafiki.

Pengo ni nini?

Pengo ni mahali ambapo mwendesha baiskeli hana pa kupita ila katikati ya magari. Ya kawaida ni haya:

1. Ukingo wa lami ulioliwa na maji ya mvua au kujaa mchanga.
2. Daraja au kalvati nyembamba.
3. Makutano, kama pale barabara ya kwenda Kitui inapoungana na barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Hapo malori ya masafa marefu, matatu na boda boda hukutana.
4. Kando ya barabara iliyozibwa na vibanda, kokoto au malori yaliyoegeshwa.

Kwa nini pengo fupi ni hatari?

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Ukiingia kwenye lami kwa sekunde 5 tu kukwepa shimo, lori limekata mita 110, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Dereva aliyekuona ukiwa kando hakutarajia kukukuta mbele yake.

Hata barabara kubwa zina tatizo hili. Barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ilijengewa njia za baiskeli, lakini kwenye baadhi ya makutano njia hizo hukatika. Makutano ndipo zinapohitajika zaidi.

Nani mwenye jukumu?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na barabara ya Nairobi–Mombasa husimamiwa na KeNHA. Barabara za kaunti ni jukumu la Kaunti. Ukijua barabara ni ya nani, ombi lako halitazunguka ofisi baada ya ofisi.

Mkaazi afanye nini?

Pitieni njia yenu mkiwa watu watatu au wanne, asubuhi wanafunzi wanapokwenda shule na tena jioni giza linapoingia. Andikeni kila pengo: liko wapi, lina urefu wa hatua ngapi, nani hupita hapo. Kisha pelekeni orodha kwa msimamizi wa wadi na kwenye mikutano ya ushirikishaji wa umma. Kwa sheria, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, kwa hiyo msingoje mwezi huo.

Mapengo mengi hayahitaji barabara mpya. Mengine huzibwa kwa kujaza ukingo, kuzibua mtaro, kuweka matuta au kuhamisha vibanda. Na kuna ambayo sisi wenyewe tunaweza kuyaondoa: mwenye kokoto azitoe kando ya barabara, mwenye lori aliegeshe mbali na njia.

Kabla pengo halijazibwa

Endesha upande wa kushoto. Kabla ya kuingia kwenye lami, simama, tazama nyuma, toa ishara ya mkono. Usiku washa taa nyeupe mbele, weka kiakisi chekundu nyuma. Darajani, shuka usukume ikiwa gari kubwa linakuja. Dereva, punguza mwendo na umwachie mwendesha baiskeli nafasi ya kuyumba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili kwenye baraza

1. Mtoto wako akienda shule kwa baiskeli, ni wapi analazimika kuingia kwenye lami?
2. Kipande hicho ni cha Kaunti au cha Serikali ya Kitaifa?
3. Ni pengo gani tunaweza kuliondoa wenyewe wiki hii?