Kura Moja, Kura Tatu: Uchaguzi wa Nyanza ya Kati wa Mwaka 1957

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza ili kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa 8 tu kwa nchi nzima, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa vya Jimbo la Nyanza: kimoja cha Kaskazini, kimoja cha Kati, na kimoja cha Kusini. Habari zinazoelezwa hapa ni za Nyanza ya Kati, nchi iliyoanzia uwanda wa Kano, ikafuata ufuko wa Ziwa kupita Kisumu hata Seme, Asembo, Uyoma na Sakwa, kisha ikapanda bara mpaka Gem, Alego na Ugenya. Sehemu hizo leo zimo katika kaunti za Kisumu na Siaya.

Uchaguzi huo wafaa kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa ulifanywa kwa mizani isiyo ya kawaida. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, jirani yake akawa na kura tatu, na jirani wa tatu asiwe na kura kabisa. Hata hivyo matokeo yake hayakuwa kama walivyotazamia wengi wa wale walioitengeneza mizani hiyo.

WAJUMBE WA KUTEULIWA

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907. Wazungu waliokaa nchini walianza kuchagua wajumbe wao mwaka 1920. Waafrika hawakuwa na mtu wa kabila lao barazani hata mwaka 1944, Bwana Eliud Mathu alipoteuliwa. Wa pili alikuwa Bwana Beneah Apolo Ohanga wa Nyanza ya Kati, aliyeteuliwa mwaka 1947. Tangu hapo idadi iliongezwa kidogo kidogo.

Wajumbe hao hawakupigiwa kura na watu. Majina yalipendekezwa na mabaraza ya wilaya, naye Gavana akateua. Kwa hiyo mjumbe alikuwa na milango miwili ya kubisha: aliwasemea watu wake, lakini cheo chake alikipata kwa mkono wa Gavana.

Mwaka 1954 ilikuja katiba iliyoitwa kwa jina la Bwana Oliver Lyttelton, Waziri wa Makoloni. Katiba hiyo iliweka Baraza la Mawaziri lenye watu wa mataifa yote, na nafasi moja ya uwaziri ikapewa Mwafrika. Aliyeshika nafasi hiyo alikuwa Bwana Ohanga, akawa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika Kenya.

MIZANI YA KURA

Ilipokubaliwa ya kuwa Waafrika wachague wajumbe wao wenyewe, Serikali ilimpa Bwana Walter Coutts kazi ya kuchunguza njia ya kufanya uchaguzi huo. Taarifa yake ilitolewa mapema mwaka 1956. Shauri lake lilikuwa kwamba kura isitolewe kwa kila mtu mzima, bali kwa wale waliotimiza vipimo fulani. Na aliyetimiza vipimo vingi apewe kura zaidi, zisipite tatu.

Kipimo kimoja kilikuwa elimu ya kumaliza shule ya kati. Kingine kilikuwa mapato ya pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kila mwezi, au mali yenye thamani ya pauni 500. Utumishi wa muda mrefu, umri wa uzee, na kuwahi kuwa mjumbe wa baraza pia vilihesabiwa.

Ili mambo haya yaeleweke, tuseme kijiji kimoja kina wapiga kura sita. Mwalimu mkuu ana kura 3. Karani na mwenye duka wana kura 2 kila mmoja. Watu watatu waliobaki wana kura 1 kila mmoja. Jumla ya kura ni 10. Watu watatu wa kwanza, ambao ni nusu ya wapiga kura, wameshika kura 7. Nusu nyingine wameshika 3. Na wako wengine wasioingia katika hesabu hii hata kidogo: mvuvi ambaye hakusoma wala hana mshahara wa kuandikwa, au mama alimaye mtama na kuuza samaki sokoni. Wanawake hawakukatazwa kwa jina, lakini vipimo vya shule na mshahara viliwaacha wengi wao nje ya mlango.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948 Waafrika wa Kenya walikuwa zaidi ya milioni tano. Walioandikishwa kupiga kura mwaka 1957 walizidi kidogo laki moja na ishirini. Katika Jimbo la Kati, ambako Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, Mkikuyu, Membu au Mmeru alitakiwa pia kuthibitisha utii wake kwa Serikali kabla ya kuandikishwa.

Waliotetea mpango huo walisema ya kuwa kura ni kitu kizito, na wenye elimu na kazi wataitumia kwa busara, wawachague watu wa kiasi. Waliopinga walijibu ya kuwa ushuru hutozwa msomi na asiyesoma, na sheria humbana tajiri na maskini. Mbona basi kura zao zisilingane? Tena Uingereza yenyewe iliwahi kuwapa baadhi ya raia zake kura ya pili, kwa ajili ya biashara zao au shahada za chuo kikuu, na sheria ya mwaka 1948 ikaifuta desturi hiyo. Jambo lililoachwa kule likaletwa huku kabla ya miaka kumi kupita.

WAGOMBEA WAWILI

Katika Nyanza ya Kati shindano kubwa lilikuwa kati ya Bwana Ohanga na Bwana Oginga Odinga.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bwana Ohanga alikuwa mtu mwenye elimu, na alikuwa amekaa barazani miaka kumi. Lakini uwaziri ulikuwa heshima na kifungo pia. Desturi ya Baraza la Mawaziri ni kwamba shauri likishakatwa, kila waziri hulibeba kama lake mwenyewe. Waziri hawezi kusimama sokoni Kisumu akailaumu Serikali ambayo yeye ni kiungo chake. Kila lililowaudhi watu, kama vile hofu iliyokuwapo siku hizo juu ya mpango wa kuunganisha vipande vya mashamba, lilimwangukia yeye.

Bwana Odinga naye alikuwa mwalimu. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, akafundisha, kisha akaacha kazi ya shule akaingia katika biashara ya ushirika. Alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, shirika lililokusanya akiba za watu wadogo wadogo na kujenga Ramogi House mjini Kisumu. Kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa kazi ya Luo Union, alisafiri sana akakutana na Wajaluo waliofanya kazi katika miji ya Afrika ya Mashariki. Chama hicho kilimpa cheo cha Ker, yaani kiongozi mkuu. Naye alikiacha alipoingia katika siasa mwaka 1957, ili cheo cha kabila na kiti cha baraza visichanganywe.

Kampeni yenyewe haikuwa huru kama zile za baadaye. Vyama vya siasa vya Waafrika viliruhusiwa katika wilaya tu. Chama cha nchi nzima kilikatazwa. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha Serikali. Katika hali hiyo mtu aliyekwisha kujulikana nyumba kwa nyumba kwa mambo ya akiba na duka alikuwa na faida ambayo kibali hakingeweza kumpa wala kumnyima.

MATOKEO

Kura zilipohesabiwa, Bwana Odinga alikuwa ameshinda, na waziri wa kwanza Mwafrika alikuwa amepoteza kiti chake. Nyanza Kaskazini ilimchagua Bwana Masinde Muliro, na Nyanza Kusini Bwana Lawrence Oguda. Mjini Nairobi alishinda Bwana Tom Mboya. Katika Jimbo la Kati Bwana Mathu, aliyekuwa wa kwanza kuingia barazani, alishindwa na Bwana Bernard Mate. Wengine walikuwa Bwana Ronald Ngala wa Pwani, Bwana James Muimi wa Ukambani, na Bwana Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa.

Hapa ndipo penye somo. Waliopiga kura katika Nyanza ya Kati walikuwa wale wale waliopimwa na mizani na kuonekana wazito: walimu, makarani, wenye maduka, wazee wa mabaraza. Ilitazamiwa ya kuwa watu wa namna hiyo wangeridhika na mambo yalivyokuwa. Lakini walimwacha mtu aliyekaa ndani ya Serikali, wakamtuma mtu wa kuidai zaidi. Anayetoa kura aweza kuweka vipimo vya mlangoni. Hawezi kuingia pamoja na mpiga kura katika chumba cha siri.

YALIYOFUATA

Wajumbe wale wanane, ingawa walitoka katika makabila mbalimbali, walifanya shauri moja. Walitangaza ya kuwa hawaikubali katiba ya Lyttelton, wakakataa kushika uwaziri, wakadai viti 15 zaidi. Wazungu, ambao walikuwa wachache sana nchini, walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa. Waafrika walikuwa na 8. Katika mwaka huo huo Waziri wa Makoloni, Bwana Alan Lennox-Boyd, alikuja Kenya, na viti vya Waafrika vikaongezwa 6, vikawa 14. Mwezi wa Juni 1958 Bwana Odinga alisema barazani, bila kuficha, ya kuwa Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa bado viongozi wa watu. Maneno hayo yalileta kelele kubwa, lakini yalisikika nchi nzima, kwa kuwa yalisemwa na mtu aliyetumwa kwa kura.

Mizani ya kura nyingi haikudumu. Kwa uchaguzi wa mwaka 1961 vipimo vililegezwa sana, hata ajuaye kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe, au aliyepita umri wa miaka 40, aliweza kuandikishwa. Mwezi wa Mei 1963 kila mtu mzima alipiga kura iliyo sawa na ya mwenzake. Wakati huo watu wa Nyanza walichagua pia baraza lao la jimbo, ingawa mabaraza hayo ya majimbo yaliondolewa muda mfupi baada ya uhuru.

Wazo la kuwa na baraza karibu na wananchi lilirudi kwa katiba ya mwaka 2010. Mwezi wa Machi 2013, miaka 56 baada ya uchaguzi ule wa kwanza, watu wa Kisumu na Siaya walichagua magavana na mabaraza ya kaunti. Kila mpiga kura alipewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mjumbe wa baraza la kaunti. Karatasi ni nyingi kuliko zile za mwaka 1957, lakini hakuna aliyepewa ya saba kwa sababu ya shule au shamba. Mvuvi wa Uyoma ana sita, na profesa wa Maseno ana sita.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA

1. Katika mfano wa kijiji cha wapiga kura sita, mgombea akipata kura za watu wanne, je, ni lazima ashinde? Onyesheni kwa hesabu.

2. Je, waziri aliyechaguliwa na watu aweza kuitetea Serikali na kuwatetea watu wake kwa wakati mmoja? Afanye nini mambo hayo mawili yakipingana?

3. Kama kipimo cha elimu kingewekwa leo, ni nani katika kijiji chenu angepoteza kura yake? Je, mtu huyo hana jambo lolote alijualo kuliko wengine?