SOMO LA UFUNDI: KUVUJA KWA INJINI SI NAFUU YA MCHUKUZI



Wazee wetu wa pwani walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa pakacha ni kweli, maana mzigo unapungua. Lakini lori la kikundi likivuja oili, hakuna anayepata nafuu. Oili ikiisha, beringi huungua, krenki huharibika, na pesa zote za ova-holi huenda na maji.

Kutoka Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, kikundi chenye pikapu au lori dogo hubebea nazi, maembe, mihogo, mchanga na mawe. Injini ikichoka, wanachama huchanga, fundi huitwa, na kazi hufanywa pale pale nyumbani chini ya mwembe. Si vibaya. Taabu huanza siku ya pili baada ya kuwasha, mnapokuta doa jeusi chini ya lori. Mara mweka hazina anamlaumu fundi, fundi anailaumu gasketi, na dereva anasema yeye hayumo. Kabla hamjafungua nati hata moja, wala kumlaumu mtu, fuateni hatua hizi.

1. Hakikisheni ni oili ya injini

Jioni tandikeni kartoni safi chini ya lori, kuanzia mbele mpaka nyuma ya giaboksi. Asubuhi angalieni doa liko wapi, mguse na mnuse. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi upesi hata ikiwa mpya. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti. Dizeli mnaijua kwa harufu yake. Mkikuta mafuta ya breki, lori lisitoke kabisa mpaka litengenezwe.

2. Pimeni na kuandika

Asubuhi kabla ya kuwasha, lori likiwa pahali tambarare, chomoeni kijiti cha kupimia. Andikeni daftarini tarehe, kilomita, kiwango, na oili iliyoongezwa. Daftari ndilo litakalowaambia kama ni tone tu au ni hasara. Kiwango kikipita alama ya juu, punguzeni kwanza. Oili ikizidi, krenki huipiga ikawa povu, nayo hutafuta pa kutokea.

Taa ya oili ikiwaka njiani, simameni na mzime injini papo hapo. Msiseme, "Tufike tu Ukunda."

3. Osheni injini

Injini chafu haiwezi kusema ukweli. Ikiwa imepoa, sugueni kwa brashi na dizeli kidogo, kisha maji ya sabuni. Petroli isitumike, ni moto huo. Funikeni altaneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa nailoni, na mkumbuke kuitoa kabla ya kuwasha. Ikishakauka, nyunyizieni poda ya mtoto au chaki iliyosagwa kwenye maungio. Poda itakapolowa, mtaona.

4. Tazameni kuanzia juu

Hapa ndipo wengi hukosea. Oili hushuka, na upepo wa feni na wa safari huisukuma nyuma. Nyumba ya makuti ikivuja, maji yanaweza kudondoka katikati ya chumba kumbe yameingilia pembeni. Injini ni vivyo hivyo. Msitazame tone linapoangukia, bali tafuteni pahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa.

Washeni dakika 10 hadi 15, mkague kwa tochi. Mikono na leso viwe mbali na feni. Kisha endesheni kilomita chache, mkague tena. Kuna mvujo usioonekana lori likiwa limesimama uani. Lakini pandeni na mzigo mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale, oili ipate moto na kuwa nyepesi, hapo utajitokeza.

5. Sehemu rahisi zianze

Baada ya ova-holi, chunguzeni hizi kwanza:

- Filta ya oili. Pengine mpira wa filta ya zamani ulibaki umenata, na mpya ukafungwa juu yake. Hapo oili humwagika kwa wingi.
- Tapeti kava. Gasketi imekaa upande, au bolti zimekazwa mno.
- Swichi ya presha ya oili na maungio ya mabomba. Washa za shaba zilizokwisha kubanwa hazifungi vizuri mara ya pili.
- Sampu. Kingo zake hupinda bolti zikikazwa kupita kiasi. Chembe moja ya mchanga kwenye gasketi yatosha kuacha njia. Sisi tunaoishi kwenye mchanga tuoshe mikono na kutandika turubai.
- Sili ya mbele, nyuma ya puli ya krenki.

6. Oili kati ya injini na giaboksi

Oili ikitoka hapo, mara moja husemwa, "Ni sili ya nyuma, tushushe giaboksi." Ngojeni kwanza. Oili ya tapeti kava inaweza kuteremka nyuma ya injini na kutokea pale pale. Au ikawa ni ya giaboksi yenyewe, na pua itawaambia. Mkumbukeni yule mtu wa Luka sura ya 14, aliyeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima. Kuosha injini ni kazi ya asubuhi moja.

Ikithibitika ni sili ya nyuma, fundi aitazame krenki kabla ya kutia nyingine. Sili ya zamani ikiwa imechimba mfereji kwenye chuma, mpya ikikaa mfereji ule ule itavuja vile vile.

7. Je, injini inapumua?

Injini ikiunguruma polepole, fungueni kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo si neno. Lakini ukitoka kwa nguvu, mfululizo, kama chungu kinachochemka, presha imejaa ndani nayo inasukuma oili kwenye kila ungio. Chunguzeni bomba la kupumulia. Huenda limepinda, limezibwa na kitambaa, au nyigu wamejenga humo wakati injini ilipokuwa wazi.

Bomba likiwa safi, tazameni ringi. Ringi mpya huhitaji kilomita nyingi za mwendo wa wastani na mzigo wa kiasi ili zikae. Msiache injini ikiunguruma bure kutwa. Presha isipopungua hata baada ya hapo, kubadilisha sili ni kutupa pesa. Fundi apime kompresheni.

Usalama

Msiingie chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni vigingi vya chuma au magogo imara, na mzuie magurudumu. Mawe yetu ya matumbawe yasitumike kushikilia lori, hupasuka bila kuonya.

Oili chafu isimwagwe ardhini. Ardhi yetu ya mchanga na matumbawe hupitisha upesi, na wengi wetu hunywa maji ya visima, vikiwemo vya pampu za mkono vilivyoanza kuchimbwa huku Msambweni katika miaka ya 1980. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko mpaka mpate gereji ya kuipokea.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani kati yetu atakayeshika daftari la oili?
2. Tulipatana nini na fundi iwapo kazi yake itavuja?
3. Mara ya mwisho tulipomlaumu mtu, je, tulikuwa tumekwisha kuosha na kutazama?