Mabua unayo, maziwa yanapungua

Mdogo wangu wa Hai uliyeniandikia, si wewe peke yako. Mabua unayapandisha kichwani kutoka tambarare mpaka migombani, ng'ombe anajaza tumbo, na ndoo ya maziwa inazidi kuwa nyepesi. Sasa jirani kakuambia uyamwagie mbolea ya yurea, naye anasema kwao imesaidia. Unaniuliza, umwagie?

Umwagie, lakini si kwa kukisia.

Bua likishakauka, vilivyo vizuri vimeshahamia kwenye mahindi. Zinabaki nyuzi zilizogandamana na lignini, kitu kinacholifanya bua kuwa gumu, na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinazipenya kwa shida. Protini yake ni kama asilimia 4 tu. Yurea ikilowana hutoa amonia, ile harufu ya mkojo inayochoma macho. Amonia hiyo hulegeza nyuzi, na nyingine hunasa kwenye mabua ikawa lishe ya vijidudu. Mabua yaliyotibiwa vizuri hufikia protini ya asilimia 7 au 8, tena ng'ombe huyala kwa hamu zaidi. Mtu akikuambia utumie kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, mkatalie. Kweli inalainisha nyuzi, na Ujerumani waliitumia kwenye majani ya ngano zamani, lakini inaunguza ngozi na macho.

Vipimo ni hivi: mabua makavu kilo 100, yurea kilo 4, maji lita 50. Soma mfuko, uwe umeandikwa yurea. Mbolea za CAN na DAP si kitu kimoja nayo. Katakata mabua, koroga yurea kwenye maji mpaka iyeyuke yote, nyunyizia tabaka kwa tabaka ndani ya shimo huku mkikanyaga, kisha funika kwa nailoni isiyo na tundu. Acha siku 21. Huko mlimani kwenye baridi acha wiki 4. Yakiiva yanakuwa laini, rangi ya kahawia, na harufu kali. Yenye ukungu tupa.

Ukifungua, toa ya siku moja tu, tandaza yapigwe upepo usiku kucha, na wiki ya kwanza changanya na malisho aliyozoea. Ndama wa chini ya miezi 6 asipewe, wala nguruwe, wala punda. Majani mabichi mazuri usiyatie yurea, utayaharibu na unaweza kumdhuru mnyama.

Ninaloogopa hasa ni ndoo ya maji ya yurea iliyoachwa karibu na banda. Ng'ombe mwenye kiu akiinywa, ataanza kutetemeka, kutoka povu na kuvimba tumbo, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mwite daktari wa mifugo mara moja, na wakati unamsubiri mnyweshe siki iliyochanganywa na maji baridi, lita 2 hadi 6 za siki kwa ng'ombe mkubwa. Siki iwepo nyumbani kabla hujaanza kazi.

Wengi waliojaribu wakaacha, na siwalaumu. Lita 50 katikati ya kiangazi nani anazichota? Wewe. Kwa hiyo fanya kazi hii mara tu baada ya mavuno, maji yangalipo, na umwambie baba watoto: kama ng'ombe ni wake, na ndoo ni zake. Ng'ombe mmoja akila kilo 5 kwa siku, kilo 100 zinamtosha siku 20, basi chimbeni mashimo mawili na myajaze pamoja. Moja likiisha, fungueni la pili.

Usitegemee makubwa, mdogo wangu. Ng'ombe wa lita 15 za maziwa kwa siku hawezi kuishi kwa mabua, hata ukiyatibu vipi. Pumba na mashudu bado anayadai. Ila kwa mtamba, au ng'ombe aliyekauka, au huyu wako wa lita 4, inalipa. Kama huna mizani, kaazime dukani kabla hujafungua mfuko.